Safari ya Ziwani Imerudi Mikono Mitupu: Kutafuta Chanzo kati ya Mwezi, Upepo na Msimu

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepanga safari ya uvuvi katika maziwa yetu makubwa, hasa Victoria na Tanganyika, kisha akarudi mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia, bila kuelewa kilichoharibika. Malalamiko yanayosikika mialoni hujirudia: taa zimewaka usiku kucha na dagaa hawakupanda, giza lilikuwa zuri lakini wavu ukatoka mtupu, sangara amegoma, utabiri ulisema shwari na dhoruba ikaja. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi na kumalizia na ile ya nadra, na ukaguzi usiogharimu mafuta wala chambo umetangulia mengine yote.

Kuna jambo moja la kuweka sawa kwanza. Aliyejifunza uvuvi pwani hupanga safari kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa sana na za kujaa kidogo, na akihamia ziwani huja na hesabu hiyo hiyo. Ziwani haimfai. Mvuto wa mwezi huinua maji ya ziwa kwa kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa jicho, wala hakuna kujaa na kupwa kunakowasogeza samaki. Mwezi hufanya kazi ziwani kwa nuru yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama mwezi utakuwa angani katika saa unazokusudia kuvua, na kama uvuvi wako unategemea giza. Anayevua dagaa kwa taa hutegemea giza kwa kila kitu; anayekaa na mshipi mchana akimngoja sato halihitaji kabisa. Baada ya nuru huja upepo, na nathubutu kusema kwamba lawama nyingi anazobebeshwa mwezi ni za upepo.

Dalili ya kwanza: Taa zimewaka usiku kucha, dagaa hawakupanda

Sababu inayoongoza ni kwamba mwezi ulikuwa angani. Taa huwakusanya dagaa kwa sababu, katika giza, ndiyo nuru pekee iliyo karibu. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji yote, taa hupoteza nguvu hiyo na samaki hutawanyika. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa wa Victoria na wenye vipe (vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa) wa Kigoma hupumzika kwa takriban wiki moja kila mwezi unapokuwa mpevu, wakashona nyavu na kwenda kuona familia. Wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu, samaki aliyepandikizwa huko mwaka 1959 kutoka Tanganyika, nao huenda kwa hesabu hiyo.

Ukaguzi wake ni rahisi. Tazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, kwa kuwa mwezi wake huanza hilali inapoandama na hivyo tarehe yake ndiyo umri wa mwezi. Tarehe 14 na 15 mwezi ni mpevu. Kuanzia tarehe 27 hivi hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, giza hushika karibu usiku wote.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapopoteza usiku mwingi ambao ungewafaa. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama. Kwa saa za Mwanza hiyo ni karibu saa 1 usiku. Tarehe 18 utachomoza karibu saa 3:30 usiku, na tarehe 22 karibu saa 6:45. Maana yake ni kwamba, baada ya mwezi kupevuka, giza hupatikana mwanzoni mwa usiku, na kila siku linarefuka. Kabla ya kupevuka mambo yamegeuka: mwezi uko angani tangu jioni, nao huzama usiku wa manane au baadaye, kwa hiyo giza huja kuelekea alfajiri. Tarehe 8 mwezi utazama kati ya saa 6 na saa 7 usiku. Tarehe 11 utazama baada ya saa 9.

Linganisha tarehe 11 na tarehe 19. Mwezi una ukubwa unaokaribiana, lakini mpango ni tofauti kabisa. Tarehe 11 hakuna sababu ya kuwasha taa saa 2 usiku. Lala, kisha uingie ziwani kwa kuchelewa. Tarehe 19 ingia mapema, uwashe taa mara giza linaposhika, na uhesabu kwamba kufikia saa 4 usiku kazi inaelekea kwisha. Mtu aliyetoka saa ile ile siku zote mbili atasema mwezi hautabiriki, ilhali hakuna kitu angani kinachotabirika kuliko huo.

Mwezi hauwagusi dagaa peke yao. Mwaka 1986 mtafiti Z. Maciej Gliwicz alieleza jambo lililotokea katika bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako dagaa wenye asili ya Tanganyika walikuwa wameenea. Wadudu wadogo wa majini, ambao ndio chakula cha dagaa, hupanda juu giza linapoingia. Katika siku zinazofuata mwezi mpevu hupanda wakidhani wamesalimika, kisha mwezi huchomoza juu yao na dagaa huwaona na kuwala kwa wingi. Kwa hiyo kuchomoza kwa mwezi ni saa ya karamu kwa dagaa, nao wakishapata nuru ya kulia chakula hawana haja ya kuifuata taa yako. Hii ni sababu nyingine ya kuukamilisha mtego kabla mwezi haujachomoza.

Sababu ya pili ni taa za jirani. Ukijipanga karibu na kundi lenye taa nyingi au zenye nguvu kuliko zako, utakuwa unawakusanyia wao. Sogea, kisha ujaribu tena kabla ya kulaumu kitu kingine.

Sababu ya tatu ni taa zenyewe, na hapa hali ya hewa huingia kwa mlango wa nyuma. Betri za taa za sola zilizochajiwa siku ya mawingu mazito zitawaka vizuri jioni na kufifia saa ile unayozihitaji. Kama unavua tarehe za kabla ya mwezi kupevuka, ambapo giza ni la alfajiri, usiziwashe tangu jioni. Kwa karabai, kagua masizi kwenye kioo na mgandamizo wa mafuta.

Sababu ya nne ni maji yenye tope. Baada ya mvua kubwa, karibu na mito kama Kagera au Malagarasi, nuru haipenyi chini. Ondoka kwenye maji ya rangi ya chai na utafute mpaka ambapo rangi inabadilika.

Ikiwa umekagua hayo yote na ni tarehe kati ya 12 na 16, dawa iliyobaki ni kupumzika. Kuongeza taa ili kushindana na mwezi mpevu huongeza gharama haraka kuliko kunavyoongeza samaki.

Dalili ya pili: Giza lipo, lakini wavu unatoka mtupu

Hapa mwezi hauna kesi. Anza na upepo wa siku mbili au tatu zilizopita, si wa usiku huo tu. Upepo wa muda mrefu husukuma maji ya juu, ambayo ni ya uvuguvugu, kuelekea upande mmoja, na samaki wanaofuata chakula huhama nayo. Waulize waliovua jana, na uwaulize wa mwalo ulio ng'ambo ya upepo, maana wa mwalo wako wanajua yale yale unayoyajua wewe.

Kisha kagua mkondo. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe hadi kina cha wavu wako, na utazame kamba inavyoelekea. Ikisimama wima, mkondo si tatizo. Ikilala sana, wavu wako nao umelala na mdomo wake haufunguki ipasavyo, na dagaa waliokusanyika chini ya taa hawako tena juu ya wavu. Mkondo wa chini unaweza kwenda kinyume na wa juu, kwa hiyo usiridhike kwa kutazama mapovu yanayoelea.

Kwa Tanganyika kuna sababu ya ndani zaidi ambayo inastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya hata wazoefu. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi, na tabaka la maji ya juu lenye joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo kirahisi. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo wa kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, ukasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Tabaka la joto huwa nene upande wa Bujumbura na jembamba upande wa kusini, ambako maji baridi yenye rutuba hupanda juu karibu na Kasanga na Mpulungu. Upepo ukitulia, tabaka hilo halirudi mahali pake na kutulia. Huyumba kwenda na kurudi chini ya uso wa ziwa, na mzunguko mmoja wa kuyumba huchukua takriban wiki tatu hadi tano.

Muda huo unakaribia sana muda wa mwezi mmoja, yaani siku 29 na nusu. Mvuvi anayeona samaki wakipanda na kushuka kila baada ya wiki nne ana haki ya kudhani kwamba ni mwezi, na kwa muda atakuwa sahihi kwa bahati. Baada ya miezi michache mizunguko hiyo miwili itaachana na hesabu yake itavunjika. Dawa ni daftari. Andika kila safari tarehe ya kalenda ya Kiislamu, mwelekeo wa upepo wa siku tatu zilizotangulia, saa ya kutega na kiasi kilichopatikana. Baada ya msimu mmoja wa kusi utaona ni safu ipi inayofuatana na samaki wako. Daftari lenye safu ya mwezi peke yake litakudanganya.

Kina nacho kina mpaka. Chini ya takriban mita 100 upande wa kaskazini, na takriban mita 200 upande wa kusini, maji ya Tanganyika hayana oksijeni na hakuna samaki anayeishi humo. Kuongeza kamba ili kuwafuata dagaa kwenye kina hicho ni kupoteza nguvu.

Ikiwa tatizo linaendelea kwa mizunguko miwili ya mwezi na mialo yote ya jirani inalia kilio hicho hicho, mpeleke daftari lako afisa uvuvi. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, ina vituo Kigoma na Mwanza, na kumbukumbu za namna hii zina faida kwao kuliko maneno ya jumla kwamba samaki wamepungua.

Dalili ya tatu: Sangara au sato amegoma

Kwa ndoano za mchana, shaka ya kwanza ni chambo na saa, wala si anga. Sangara humfuata samaki hai. Furu au kambale mdogo aliyekufa tangu jana hamtamanishi. Sato hula mchana zaidi, karibu na majani na miamba, na hupoa jua linapokuwa utosini. Badilisha chambo, uvue asubuhi na jioni, na usifike mbali zaidi katika orodha hii kabla ya kufanya hivyo.

Shaka ya pili ni rangi ya maji. Chukua sahani nyeupe, uifunge kamba yenye mafundo kila nusu mita, uishushe polepole na uhesabu mafundo hadi inapopotea machoni. Ukifanya hivyo kila safari utakuwa na kipimo chako mwenyewe. Sahani ikipotea mapema kuliko kawaida kwa sababu ya tope la mvua, samaki anayewinda kwa macho haoni chambo. Tumia chambo chenye harufu, mathalani minyoo, au uvue kambale na kamongo ambao hawahitaji maji maangavu.

Shaka ya tatu inahusu Victoria na msimu wake. Ziwa hilo huchanganyika vizuri kutoka juu hadi chini katikati ya mwaka, hasa Juni na Julai, wakati kusi linavuma na maji yamepoa. Baada ya hapo hutengana tena, na kufikia miezi ya mwanzo wa mwaka sehemu zake za kina huwa na maji ya chini yenye oksijeni kidogo sana. Sangara hahimili maji hayo. Mtu aliyempata chini kabisa mwezi Julai, akarudi Februari na kushusha ndoano kina kile kile, anawinda mahali ambapo samaki hawezi kupumua. Pandisha ndoano hatua kwa hatua, au sogea kwenye maji ya kina kifupi.

Kwa nyavu za kutega usiku, mwezi unarudi kwenye orodha, kwa sababu mbalamwezi huuangaza wavu na samaki huukwepa. Tega katika saa za giza kwa hesabu ya dalili ya kwanza.

Mwisho kabisa ni programu za simu zinazotoa nyota au asilimia za "siku nzuri ya kuvua". Nyingi zimejengwa juu ya nadharia iliyotolewa mwaka 1926 na Mmarekani John Alden Knight, inayohusisha hamu ya samaki kula na mahali mwezi na jua vilipo. Sizikatai zote, lakini hazijui upepo wa jana wala tope la mto wako. Zinazotumia mgandamizo wa hewa zina kasoro kubwa zaidi kwetu. Huko Ulaya na Marekani, kushuka kwa mgandamizo huashiria kuja kwa mvua na upepo. Karibu na Ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba: huwa juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini karibu saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, hata siku ambayo hakuna wingu. Programu itakuonya kila jioni, na hatimaye utazoea kuipuuza, jambo ambalo ni la hatari kuliko kutokuwa nayo.

Dalili ya nne: Tarehe zile zile za mwaka jana, samaki hawapo

Kalenda ya kawaida haifuati mwezi. Tarehe 10 Agosti ya mwaka jana na ya mwaka huu ziko takriban siku 11 mbali kwa umri wa mwezi, na hiyo inatosha kugeuza usiku wa giza kuwa wa mbalamwezi. Hii ndiyo sababu ya kawaida, na inarekebishika kwa dakika chache za kupekua kalenda.

Sababu ya pili ni kufungwa kwa uvuvi. Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka. Kenya hufunga uvuvi wa dagaa, waitwao omena huko, kuanzia Aprili hadi Julai upande wake wa Victoria. Muulize afisa uvuvi wa wilaya au uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kabla ya kulipia boti, na uulize kila mwaka, kwa kuwa tarehe hutangazwa upya. Leseni halali haikupi ruhusa ya kuvua wakati wa kufungwa.

Sababu ya tatu ni kina cha ziwa. Mei 2020 Victoria ilipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Fukwe zilizofahamika zilifunikwa, na sato wakaingia kwenye majani na mashamba yaliyozama. Alama zako za mwaka jana huenda sasa ziko mahali pasipofaa. Magugu maji nayo yakisukumwa na upepo hufunga mwalo mzima kwa siku kadhaa kisha yakahamia kwingine.

Na kuna mabadiliko ya muda mrefu. Utafiti wa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, kwa kuwa maji ya juu yanazidi kupata joto na upepo umepungua, hivyo rutuba ya chini haipandi kama zamani. Hili halirekebishwi kwa kuchagua usiku mwema.

Dalili ya tano: Samaki wanahema juu ya maji, au wanaelea wamekufa

Acha kuvua. Kuna watu huona hali hii kama riziki, kwa kuwa samaki wanaokotwa kwa mikono. Sababu ya kawaida ni upepo mkali au dhoruba iliyopandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni, na wenye vizimba vya kufugia sato huijua hasara hiyo. Sababu nyingine ni mwani wa kijani unaotanda kama rangi iliyomwagika, hasa katika ghuba zilizotulia. Aina fulani za mwani huo hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Sababu ya nadra, lakini mbaya zaidi, ni sumu iliyowekwa na mtu. Kwa macho huwezi kutofautisha moja na nyingine. Usile, usiuze, usiwape mifugo maji hayo, na utoe taarifa kwa afisa uvuvi siku hiyo hiyo.

Dalili ya sita: Utabiri ulisema shwari, dhoruba ikaja

Kosa la kawaida ni kusoma utabiri wa mji na kuingia nao ziwani. Utabiri wa Mwanza au Bukoba unazungumzia nchi kavu, na ziwa kubwa lina hali ya hewa yake. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani yake. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Juu ya Victoria, pepo hizo za usiku kutoka kila upande hukutana katikati, juu ya maji yenye joto na unyevu mwingi, na mawingu ya radi huinuka hapo. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hilo hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, hasa upande wa magharibi, ilhali walio nchi kavu wamelala chini ya nyota.

Sasa rudisha hilo kwenye hesabu ya mwezi. Kabla ya mwezi kupevuka, giza la kuvulia dagaa ni la alfajiri, yaani saa zile zile za dhoruba. Baada ya kupevuka, giza ni la mapema, na unaweza kuwa umerudi mwaloni kabla ya usiku wa manane. Kwa mgeni anayepanga safari Victoria katika masika, Machi hadi Mei, au katika vuli, Oktoba hadi Desemba, ningechagua tarehe 17 hadi 20 ya kalenda ya Kiislamu na kuziacha tarehe 9 hadi 11 kwa wenyeji wenye boti kubwa, hata kama samaki watakuwa wachache.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kutokuwepo kwa tahadhari ni ahadi ya utulivu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa maziwa, na tahadhari zake huzungumzia upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Mtumbwi wa mbao wenye watu wanne hupata shida muda mrefu kabla ya kufikia viwango hivyo. Soma utabiri wa ziwa asubuhi, usome tena jioni, kisha uutilie maanani uso wa maji mbele yako.

Kosa la tatu ni kuchelewa kuamini dalili. Umeme unaomulika mbali, hata usiosikika, ni wingu la radi lililo hai. Radi ikianza kusikika, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo na ugawanye kwa tatu. Utapata umbali kwa kilomita. Sekunde zisipofika 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na ulipaswa kuwa umeshaondoka. Upepo uliokuwa ukivuma ukikatika ghafla, kisha ukaja mwingine wa baridi kutoka upande wa wingu, una dakika chache tu.

Mambo yafuatayo hayana mjadala. Jaketi okozi huvaliwa tangu kuondoka, halikaliwi wala halifungiwi chini ya ubao. Mwachie mtu wa BMU idadi ya watu, uelekeo na saa ya kurudi. Usitoke kama injini imesumbua kuwaka mwaloni, na usiitengeneze mwenyewe katikati ya maji wakati wingu linakuja. Mpe fundi nchi kavu. Usiku wenye tahadhari ya TMA hutoki, hata kama giza ni la tarehe 29 na umekwisha kununua mafuta.

Dhoruba ikikukuta ndani, acha wavu. Ukate ikibidi, wavu uliojaa maji huuvuta ubavu wa boti chini. Elekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwenye mawimbi, punguza mwendo, kila mtu akae chini katikati, teremsha mlingoti na fimbo za kuvulia, na mtu mmoja aendelee kuchota maji bila kusubiri yafike miguuni. Boti ikipinduka, ishikilieni, wala asiogelee mtu kwenda nchi kavu kwa kuwa taa za mwalo zinaonekana karibu. Boti ya mbao huelea na huonekana kwa watafutaji, kichwa cha mtu hakionekani. Penye mtandao, piga 112, kisha kwa kiongozi wa mwalo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye boti iliyo karibu zaidi, na umtajie kisiwa au taa ya mwisho uliyoiona pamoja na upande ambao upepo unavuma.